Maski Haisafiri na Pakiti

Vijana wa vyuo wanapokuja kwetu Kigoma kufanya mafunzo kwa vitendo, huwa nawauliza swali moja kabla sijawakabidhi kebo wala koleo: kompyuta yako inajuaje kwamba mwenzake yuko kwenye mtandao mmoja nayo? Wengi wananitajia bila kusita kwamba mtandao wa /26 una anwani 64, zinazotumika ni 62, na maski yake, ile namba inayoonyesha mtandao unaishia wapi, ni 255.255.255.192. Jedwali lote wanalo kichwani. Lakini swali lenyewe linawakwamisha. Mmoja atasema kompyuta inaiuliza ruta, kile kifaa kinachounganisha mitandao. Mwingine atasema swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja kwa kebo, ndiyo inayojua. Na wapo wanaosema pakiti, yaani kifurushi cha data, ikifika, mpokeaji anasoma maski ya mtumaji na kuilinganisha na yake.

Jibu hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike, maana hata mafundi waliokomaa wanalo, tena hawajui kwamba wanalo. Pakiti ya IP haibebi maski. Kichwa cha pakiti ya IPv4 (toleo la nne la IP), kama kilivyoelezwa katika waraka wa RFC 791 wa Septemba 1981, mojawapo ya nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti, kina anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, urefu wa pakiti, idadi ya ruta inazoruhusiwa kupitia, namba ya itifaki na vitu vingine vichache. Maski haimo. Kila mashine inaitunza yake, na kwa kutumia hiyo yake inajiamulia yenyewe nani wa ndani na nani wa nje. Mashine mbili zilizochomekwa kwenye swichi moja zinaweza kuwa na maoni mawili tofauti kuhusu mtandao uleule, na hakuna kitu katikati kitakachozisuluhisha.

Jambo hili sikulipata darasani. Nililipata kwa mzee mmoja aliyenifundisha kazi, mtu aliyewahi kuhudumia simu za reli kabla hajahamia kwenye kompyuta. Nikimwendea na kumwambia mtandao umekufa sehemu fulani, alikuwa hanyanyui kichwa.

"Mwanangu, usiniambie mtandao umekufa. Niambie nani hamwoni nani."

Basi narudi, nachukua karatasi, naandika: huyu anamwona yule, yule hamwoni huyu, wote wanaliona lango (ile ruta ya kutokea nje ya mtandao), lango linamwona mmoja tu. Nikimpelekea karatasi hiyo, mara nyingi jibu lilikuwa limeshajichora lenyewe. Mpaka leo nikiingia kwenye ofisi yenye tatizo, kitu cha kwanza ninachotoa kwenye begi ni kalamu.

Tuipitie hesabu yenyewe, maana bila hesabu haya yote yatabaki maneno. Anwani ya IPv4 ni biti 32. Zile nukta tatu tunaziweka kwa ajili ya macho yetu, mashine haizioni. Inachoona ni mfululizo wa sifuri na moja, na maski nayo ni biti 32 zinazoanza na moja zilizopangana, kisha sifuri mpaka mwisho. Tuseme kompyuta ina 192.168.10.77 na maski yake ni 255.255.255.192. Mafungu matatu ya kwanza hayana kazi kubwa, maski imeyashika yote. Fungu la mwisho ndilo la kutazama. Namba 77 ni 01001101. Namba 192 ni 11000000. Zidisha biti kwa biti, ya juu kwa ya chini: moja mara moja ni moja, mengine yote ni sifuri. Unapata 01000000, yaani 64. Kwa hiyo kompyuta hii inajihesabu kuwa mkazi wa 192.168.10.64.

Sasa inataka kuzungumza na 192.168.10.130. Inachukua 130, ambayo ni 10000010, inaizidisha kwa maski yake yenyewe, inapata 128. Sitini na nne na mia ishirini na nane si kitu kimoja, basi huyo ni wa nje, pakiti yake ikabidhiwe kwa lango. Ingekuwa inamtafuta 192.168.10.100, ingepata 64 kwa 64, ikasema huyu ni wa kwetu, halafu ikatoa tangazo la ARP kwenye waya: mwenye anwani hii ni nani, nipe namba yako ya kadi ya mtandao. Kazi ya maski imeishia hapo. Swali ni moja, jibu ni ndiyo au hapana, na linaulizwa upya kwa kila anayetafutwa.

Ukishalielewa hilo, jedwali linajijenga lenyewe. Ile 26 kwenye /26 ni idadi ya moja zilizo kwenye maski. Biti zilizobaki kwa ajili ya mashine ni sita, na mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara sita ni 64. Toa anwani ya kwanza, ambayo ni jina la mtandao, na ya mwisho, ambayo ni ya kutangazia wote, zinabaki 62. Mipaka inaangukia 0, 64, 128 na 192. Sipendi kumwona kijana akikariri haya. Akiyakariri atayajibu kwenye mtihani, ila siku atakapokutana na /22 kazini atatafuta kikokotoo kwenye simu, na kikokotoo hakitamwambia kwa nini.

Kuna jambo jingine linalowachosha wanafunzi bure, nalo ni madaraja ya A, B na C. Zamani anwani yenyewe ndiyo iliyokuonyesha mtandao unaishia wapi: daraja C lilikuwa na mashine 254, daraja B 65,534, na hakuna cha katikati. Taasisi yenye kompyuta 300 ilipewa daraja B zima, na makumi elfu ya anwani yakalala. Agosti 1985, Jeff Mogul na Jon Postel walitoa waraka wa RFC 950 ulioweka utaratibu wa kuugawa mtandao mmoja ndani kwa ndani kwa kutumia maski. Kisha mwaka 1993 ukaja utaratibu wa CIDR, ambao ndio uliotuletea huu mkwaju na namba, /26 na wenzake, na madaraja yakaachwa. Tangu 1993! Hata hivyo bado napokea vijana wanaoniambia 10.5.5.0/24 haiwezekani kwa sababu kumi ni daraja A. Mwalimu anayesoma hapa, nakuomba kwa heshima: yafundishe madaraja kama historia, kipindi kimoja kinatosha, halafu songa mbele.

Nije kwenye kisa cha printa moja.

Taasisi moja kule Mwanga, hapahapa Kigoma, ilikuwa na printa kubwa ya mtandao kwenye chumba cha masijala. Nilipofika, mama wa masijala alikuwa ameshakata tamaa nayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii printa yenu ina ubaguzi. Inamchapia mhasibu, mimi niliyekaa nayo chumba kimoja hainichapii. Na jana ilinichapia."

Hiyo sentensi ya mwisho, "na jana ilinichapia", ndiyo iliyokuwa na habari yote, ingawa watu wa ofisini walikuwa wanaichukulia kama ushahidi kwamba printa ni mbovu. Walikuwa wameshabadilisha kebo. Walikuwa wameshafuta programu ya printa na kuiweka upya kwenye kompyuta nyingi. Swichi ilizimwa na kuwashwa, na kwa Kigoma yetu ambayo kwa miaka mingi iliendeshwa na jenereta za dizeli, mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni umeme. Palikuwa na mazungumzo ya kununua printa mpya.

Nikatoa kalamu. Nikapita meza kwa meza, nikaandika anwani ya kila kompyuta na mbele yake alama: inachapa, haichapi. Mhasibu alikuwa na 192.168.10.150, anachapa. Msaidizi wake 192.168.10.143, anachapa. Mama wa masijala 192.168.10.35, hachapi. Mapokezi 192.168.10.61, hachapi. Ofisi ya mkuu 192.168.10.171, anachapa. Mtu wa stoo 192.168.10.118, hachapi. Ukiitazama orodha hiyo kwa jicho la biti, huhitaji kuendelea: waliofanikiwa wote wako juu ya 128, waliokwama wote wako chini yake. Na kwa kuwa kompyuta zilikuwa zinapewa anwani na DHCP, huduma inayozigawa yenyewe bila mtu kuziandika, mtu aliweza kuamka na 140 leo na 35 kesho. Ndiyo maana jana mama alichapa.

Printa yenyewe ilikuwa na 192.168.10.200, iliyowekwa kwa mkono. Nikaichapisha ile karatasi yake ya mipangilio, ambayo printa nyingi za ofisini zinaitoa ukibonyeza kitufe chake bila kuhitaji kompyuta. Maski: 255.255.255.128. Kompyuta zote zilikuwa na 255.255.255.0.

Hebu tuifuate pakiti ya mama. Kompyuta yake, 35, inaitafuta 200. Kwa maski ya 255.255.255.0 wote ni wa 192.168.10.0, basi printa ni ya ndani. Inatangaza ARP, printa inasikia, inajibu. Nilipotazama orodha ya ARP kwenye kompyuta ile, namba ya kadi ya printa ilikuwepo, na hiyo ilinithibitishia kwamba waya ni mzima na swichi ni nzima. Pakiti inatoka, inafika. Mpaka hapo mambo ni shwari. Sasa printa inataka kujibu. Inachukua maski yake: 200 kwa 128 inatoa 128. Inachukua anwani ya mama: 35 kwa 128 inatoa sifuri. Huyu ni wa nje. Jibu lake likabidhiwe kwa lango. Lango ni nani? 192.168.10.1. Moja kwa 128 nayo ni sifuri. Hata lango ni la nje! Printa imekuwa mtu aliyeambiwa apitie mlango ambao kwa mahesabu yake haumo ndani ya nyumba. Jibu halina pa kwenda, linatupwa. Kwenye skrini ya mama inatokea kwamba printa haipatikani, wakati printa imemsikia kila alipoita.

Nilibadilisha namba moja kwenye paneli ya printa, 128 ikawa 0. Mama akachapa barua yake.

Nimekaa sana kwenye kisa hiki kwa sababu kina kila kitu. Kwanza, kwenda na kurudi ni safari mbili, na kila upande unaamua wake. Pili, ukijaribu kutoka kompyuta moja tu utapata jibu la kompyuta moja tu. Ningekaa kwenye meza ya mhasibu, ningeandika kwamba printa ni nzima na kuondoka. Tatu, kama lango lingekuwa 192.168.10.254 badala ya .1, pengine kila mtu angechapa, maana printa ingelikuta lango upande wake, ikalikabidhi majibu, nalo likayarudisha kwa wenyewe. Kosa lingekuwepo miaka na miaka, limejificha, likisubiri siku ruta itakapobadilishwa. Makosa ya aina hiyo yapo kwenye ofisi nyingi sasa hivi.

Kisa cha pili ni kifupi, lakini mzizi wake ni uleule. Mhasibu wa sehemu nyingine alitaka kufanya kazi akiwa nyumbani kwake Ujiji kwa njia ya VPN, handaki linalokuingiza kwenye mtandao wa ofisi kupitia intaneti. VPN inaunganika vizuri, haileti hitilafu yoyote, ila seva ya hesabu haifunguki. Seva ilikuwa 192.168.1.50. Nyumbani kwake, ruta yake ndogo nayo ilikuwa inagawa 192.168.1.0/24, kama ruta nyingi za dukani zinavyokuja. Laptopu yake ikiitafuta 192.168.1.50 inapiga hesabu, inaona huyu ni wa hapahapa nyumbani, inatangaza ARP sebuleni, na hakuna wa kujibu. Pakiti haikuwahi kuingia kwenye handaki la VPN. Tangu hapo, ofisi yoyote ninayoipangia anwani siipi 192.168.0.0 wala 192.168.1.0. Waraka wa RFC 1918 wa Februari 1996 umetutengea nafasi tatu za matumizi ya ndani: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Ile ya kwanza peke yake ina anwani zaidi ya milioni 16. Chagua kipande cha katikati ambacho ruta za majumbani hazikitumii, umejiepusha na usumbufu mwingi.

Baada ya ile printa, taasisi ya Mwanga iliniomba nipange mtandao wote upya. Ulikuwa /24 moja kwa majengo yote: utawala, maabara, maktaba, na Wi-Fi ya wanafunzi humohumo. Asubuhi wanafunzi wakiingia na simu zao, nafasi za DHCP zinaisha, na kompyuta za utawala zinazowashwa baadaye zinajipa anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona namba hiyo, jua kwamba mashine imeomba anwani na haikupata wa kuipa, ikajichagulia yenyewe ili angalau izungumze na jirani zake walio katika hali hiyohiyo. Watu wengi wanadhani ni kirusi. Mimi hushukuru kuiona, kwa sababu inanieleza moja kwa moja pa kuanzia.

Nilitenga 10.44.8.0/22. Maski yake ni 255.255.252.0, na inaanzia 10.44.8.0 mpaka 10.44.11.255, anwani 1,024 kwa jumla. Kuigawa, nilifuata kanuni ya fundi cherehani mwenye kitenge kimoja: anakata kwanza mwili wa gauni, kisha mikono, na kola inatoka kwenye mabaki. Ukianza na kola katikati ya kitambaa, mwili hautapatikana ingawa kitambaa kwa jumla kilitosha. Kwa anwani sababu iko kwenye biti: mtandao wa anwani 128 lazima uanzie 0 au 128. Hauwezi kuanzia 64. Ukishaweka kipande kidogo mahali pabaya umeharibu nafasi ya kipande kikubwa.

Wi-Fi ya wanafunzi ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, nikaipa 10.44.8.0/23, mashine 510. Maabara ya kompyuta ikapata 10.44.10.0/25, mashine 126. Utawala 10.44.10.128/26, mashine 62, kuanzia .129 mpaka .190. Uhasibu ukapata 10.44.10.192/27, mashine 30, na printa pamoja na vifaa vingine vya pamoja 10.44.10.224/27. Ile 10.44.11.0/24 nikaiacha wazi kwa ajili ya jengo lililokuwa bado msingi, isipokuwa mkia wake, 10.44.11.252/30, niliouweka kati ya ruta mbili. Kiungo cha ruta kwa ruta kinahitaji anwani mbili tu, na /30 inatoa mbili hasa: .253 na .254. Faida ya kuvitoa vyote kwenye kipande kimoja ni kwamba ruta ya juu inahitaji mstari mmoja tu kuvifikia vyote: chochote cha 10.44.8.0/22, peleka huku. Nimeona mitandao ambayo kila jengo limepewa namba ya kuokota, 192.168.5 hapa, 172.20 kule, na orodha ya njia kwenye ruta ndefu kiasi kwamba hakuna anayethubutu kuigusa.

Palitokea ubishi mmoja kwenye kikao ambao naona unajirudia kila mahali. Mkuu wa utawala aliuliza, "Kwa hiyo sasa wanafunzi hawawezi kufika uhasibu, si ndiyo?" Nikamjibu hapana, bado wanaweza. Kugawa mtandao kuwa sabneti, yaani mitandao midogo, siyo kujenga ukuta. Ruta kazi yake ni kuunganisha mitandao, na usipoiwekea sheria ya kukataza, itapeleka pakiti ya mwanafunzi mpaka kwenye meza ya mhasibu kwa uaminifu wote. Tena kama sabneti zote ziko kwenye swichi moja bila kutenganishwa kwa VLAN (mitandao pepe ndani ya swichi), mwanafunzi mjanja anaandika tu kwa mkono anwani ya 10.44.10.200 na maski ya /27, na kwa hesabu ya laptopu yake ameshakuwa mkazi wa uhasibu. Maski ni imani ya mashine, na imani mtu anajichagulia. Ulinzi unatoka kwenye VLAN, ambayo swichi inaisimamia kwa kila tundu, na kwenye sheria za ruta. Sabneti inazipa sheria hizo mahali pa kushika: ukisema 10.44.8.0/23 isifike 10.44.10.192/27, umemaliza kwa mstari mmoja. Tuliweka vyote vitatu, na fedha kubwa ilienda kwenye swichi zinazoelewa VLAN badala ya zile za bei ya chini zisizo na mipangilio. Kama taasisi yako ina fedha ya kitu kimoja, ningeshauri iwe hicho.

Watu huuliza kwa nini tunahangaika na anwani za ndani badala ya kila kifaa kupewa anwani yake ya umma. Biti 32 zinatoa anwani 4,294,967,296, na ile benki kuu ya anwani duniani, IANA, iligawa mafungu yake ya mwisho yaliyokuwa huru tarehe 3 Februari 2011. Afrika tunahudumiwa na AFRINIC yenye makao Mauritius. Kwa hiyo ofisi nzima inatoka nje kwa anwani moja ya umma, na siku hizi hata hiyo moja mara nyingi si yako. Mwenye duka sokoni akiniambia amefunga kamera na hawezi kuziona akiwa safarini Dar, kitu cha kwanza ninachotazama ni anwani iliyo upande wa nje wa ruta yake. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amemweka nyuma ya anwani ya pamoja na wateja wengine, nafasi iliyotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Hapo afungue matundu (port) kwenye ruta yake apendavyo, hakuna mawasiliano yanayoanzishwa kutoka nje yatakayomfikia. Atafute huduma inayoanzisha mawasiliano kutoka ndani, au alipie anwani ya umma. Namwambia mapema ili asiendelee kumlipa fundi wa kamera kwa kazi isiyowezekana.

Mwaka huu tumeanza kuwasha IPv6, toleo la IP lililokuja baada ya IPv4, kwenye ile maabara ya Mwanga, sambamba na 10.44.10.0/25. Anwani ni biti 128, na kila sabneti ya kawaida inapewa /64, kwa hiyo ule uchumi wa kuhesabu 62 na 30 hauna nafasi tena. Vijana walifurahi wakadhani hesabu za maski zimekwisha. Nikawaonyesha tangazo la ruta lilivyonaswa kwenye waya: ndani yake kuna kipande cha anwani, urefu wake, na biti moja inayoiambia mashine iwahesabu wenye kipande hicho kuwa ni wa ndani. Biti hiyo ikizimwa, mashine mbili zilizokaa meza moja zinapelekeana pakiti kupitia ruta. Tuliizima, tukaangalia pakiti zikizunguka kwenye ruta na kurudi, kisha tukaiwasha tena kabla ya kipindi cha mchana.